Simu ya Mzee Idi Haikulia

Karakana, Kizota
Jumamosi, saa tisa alasiri

Nyemo mwanangu,

Mbukwa. Umekwenda Nzuguni kumuaga shangazi yako, na ninavyomjua, mpaka akufungashie karanga na kukumalizia maneno yake yote, jua litakuwa limezama. Hapa Kizota umeme umekatika tangu saa sita. Kompyuta za watu zimelala mezani zimefumuliwa matumbo, na jirani yangu anayechomelea mageti anakoroma kwenye benchi lake. Basi nimechukua daftari. Kesho alfajiri basi la Mpanda linaondoka na wewe, na kuna jambo nimeshindwa kukuambia kwa mdomo miaka kumi na moja sasa. Juzi tulipokuwa tunachambua mlenda nilitaka kuanza, nikaishia kukugombeza eti unaacha vijiti. Vijiti vyenyewe havikuwepo.

Habari za chandarua, sijui usilale na njaa, sijui usimwamini kila anayekuchekea, hizo muulize shangazi yako, ndiye mtaalamu. Mimi nataka kukuambia kwa nini niliondoka hospitali. Wewe unajua mkataba uliisha. Ndivyo nilivyokuambia, ukaamini, ukarudi kucheza rede. Mkataba uliisha kweli, ila kuna lililoumaliza.

Nakuambia leo kwa sababu kazi unayokwenda kuifanya ndiyo hiyohiyo niliyoifanya mimi, mtu mmoja wa kompyuta katika hospitali nzima, ambaye akisema mfumo unafanya kazi hakuna wa kumbishia. Halafu kuna ile sapu yako ya mwaka wa pili. Sikukasirika kwamba ulifeli, kufeli ni kwa watu. Nilikasirika kwamba ulinyamaza miezi minne, unakula, unacheka, unaniambia masomo yanakwenda vizuri, na barua ya chuo umeikunja ndani ya begi. Siku nilipoikuta niliwaka mpaka mdogo wako akatoka nje. Ukali ule haukuwa wako wote, mwanangu. Nilikuwa nimejiona mwenyewe mle kwenye begi, na sikupenda nilichokiona.

Haya, sikiliza.

Unaikumbuka stoo ya chanjo, ile nyuma ya wodi ya wazazi? Ulikuwa ukitoka shule unakuja kukaa kwenye benchi la Mzee Idi mlinzi mpaka nimalize kazi. Mle ndani kulikuwa na friji kubwa la chanjo za watoto, za hospitali na za zahanati za vijijini. Mtunza stoo alikuwa Sista Leokadia, muuguzi, mwanamke mwenye roho nzuri na hofu kubwa ya kompyuta. Chanjo ikipata joto imekufa, haifai tena, na hakuna dua ya kuifufua. Kwa hiyo nilitengeneza kiprogramu changu mwenyewe, na nilikuwa najivuna nacho kweli. Waya wa kipimajoto uliingia kwenye friji, kompyuta ikasoma joto kila dakika kumi, na likipanda kupita kiasi inaiamsha programu nyingine, ya modemu, inayotuma ujumbe kwenye simu ya lindo: JOTO STOO. NENDA KAANGALIE. Simu hiyo alikaa nayo Mzee Idi usiku na mchana, maana alikuwa anaishi palepale getini.

Mzee Idi ni Msandawe wa huko Chemba. Jina lake la nyumbani lina vidoko viwili ambavyo ulimi wangu wa Kigogo uliviangukia kila mara nilipojaribu, mpaka akanionea huruma, akasema niite Idi tu, mama Nyemo, usije ukajing'ata. Shule alisoma madarasa mawili. Mimi ndiye niliyemfundisha ile simu. Nilikaa naye kwenye benchi lile siku tatu: ikilia, itazame, ukiona bahasha ndogo, bonyeza hapa, kisha soma. Akawa anasoma kwa silabi, kwa sauti, kama mtoto wa chekechea, na hakuona aibu. Joto lilipopanda alikuwa anafika stoo kabla hata mimi sijapata viatu. Nilimfundisha kufungua ujumbe na kusoma. Kufuta sikumfundisha, sikuona kazi yake. Kumbuka hilo, tutalirudia.

Sasa kosa la kwanza, la kiufundi. Nilipoandika kile kiprogramu, anwani ya programu ya modemu niliiandika ndani kwa ndani, neno kwa neno: nenda diski hii, folda hii, folda ile, utaikuta hapo. Kwa nini? Kwa sababu kwenye kompyuta ile ndipo ilipokuwa, na mimi nilijua ipo hapo. Na kosa la pili, ambalo ndilo baba wa yote. Siku za mwanzo kompyuta ilikuwa ikitoa kisanduku cha kosa kwenye skrini, na wauguzi wakikiona wanaichomoa ukutani, wanakaa nayo mbali. Sista Leokadia akanibembeleza, mama Nyemo hivi visanduku vinatutisha, viondoe. Nikaviondoa. Niliiambia programu, ukikosea, meza, endelea. Wote tukafurahi kwa ule utulivu.

Tulikaa hivyo miaka mitatu. Kisha ikaja amri kwamba kompyuta zote ziwekewe mfumo endeshi mpya, wa zamani haulindwi tena. Ya stoo niliiwekea Ijumaa. Jumapili yake ilikuwa kipaimara chako, na gauni langu la sherehe lilikuwa bado kwa fundi, na fundi mwenyewe unamkumbuka, mwongo aliyekubuhu. Tafadhali usijitwishe hilo, gauni halina kosa. Niliurudisha waya, nikafungua programu yangu, namba za joto zikaonekana kwenye skrini, nyuzi tano, kijani. Nikasema imekubali. Ujumbe wa majaribio sikutuma. Jambo la dakika moja, Nyemo, na nilikuwa nimeshika mkoba tayari.

Mfumo ule mpya ulikuwa na folda mbili za programu, moja ya programu mpya na moja ya zile za kizamani. Ya modemu, kwa kuwa ilikuwa ya kizamani, nilipoiweka upya ilikwenda kukaa kwenye folda ya pili. Kiprogramu changu hakikujua. Kiliendelea kwenda kwenye anwani ileile, kama mtu mwenye barua anayekwenda kugonga ofisi ya mjini na wenyewe walishahamia Mtumba. Anakuta mlango umefungwa. Na kwa kuwa nilikiambia kimeze, kikameza.

Jumamosi jioni swichi ya friji ikajikata yenyewe kwenye boksi la umeme. Taa za stoo zilikuwa zinawaka, kompyuta inawaka, kwa nje kila kitu salama. Jumapili tukala pilau, ukapigwa picha, Mzee Idi akaja kukupa mkono na kukuahidi asali ya kwao. Alikuwa na simu mfukoni. Nilimuona akiitazama mara mbili pale kwenye sherehe, kama kawaida yake, kisha akairudisha.

Jumatatu ilikuwa siku ya kliniki. Nilipofika saa mbili, benchi zilikuwa zimejaa akina mama na watoto, na wengine walitoka kwao gizani kwa miguu. Sista Leokadia alikuwa ameinua kichupa kwenye mwanga wa dirisha. Vichupa vya chanjo vina kidoa kinachokoza rangi kikipata joto, na cha mkononi mwake kilikuwa kimekoza. Akachukua kingine, akachukua kingine. Akafunga mlango wa friji taratibu, akakaa juu ya boksi. Akaniambia, "Zote, mama Nyemo. Na hawa walioko nje nitawaambia nini?"

Nilikwenda kwenye kompyuta. Skrini ilikuwa nyekundu, nyuzi ishirini na sita. Ilikuwa inajua. Tangu Jumamosi jioni ilikuwa inajua, na kila dakika kumi ilikuwa inaita, na hakuna aliyeisikia. Nikafungua programu yangu, nikaona ile anwani, na nikaelewa kabla sijamaliza kuisoma. Nikafungua kumbukumbu za modemu: tangu Ijumaa, hakuna kilichotumwa. Nje nilisikia Sista anawaambia akina mama warudi wiki ijayo, na mmoja akamuuliza wiki ijayo ipi, sista, mimi natoka mbali.

Nikairekebisha anwani. Dakika nne, tena nazidisha. Hapo ndipo mganga mkuu alipoingia, nyuma yake Mzee Idi ameshika kofia mkononi. Mganga mkuu akauliza, mfumo unafanya kazi? Kidole changu kilikuwa bado juu ya kipanya.

"Unafanya kazi, daktari."

Haukuwa uongo, unaona? Kwa dakika ile ulikuwa unafanya kazi. Nimekaa na neno lile miaka kumi na moja na bado sijapata uongo mkubwa kuliko ukweli ule. Akasema tuonyeshe. Nikabonyeza, na simu ikalia kwenye mfuko wa shati la Mzee Idi mbele yetu wote. Akaitoa, akaisoma kwa silabi, jo-to sto-o, na uso wake ukafunguka kwa furaha, kwa sababu alidhani sasa mambo yamejulikana. Akasema leo imelia, jana na juzi haikulia. Mganga mkuu hakuitazama simu. Alimtazama yeye.

Nilikuwa na nafasi hapo. Ingenichukua pumzi moja. Nilijiambia nitasema jioni, tukiwa wawili, kwa utaratibu. Jioni nikajiambia kesho. Baba yako alikuwa safarini na lori, nikampigia, nikamweleza yote. Akasema nyamaza, mama Nyemo, mkataba wako uko mezani, mlinzi atapata lindo jingine. Baba yako ni mtu mwema, na aliniambia hasa nilichotaka kuambiwa. Nilipokata simu nilijisikia nafuu, na ile nafuu yenyewe ndiyo iliyopaswa kunitisha.

Alhamisi tukakaa kikao: mganga mkuu, katibu wa hospitali, Sista Leokadia, mimi, na Mzee Idi kwenye kiti cha peke yake. Nilikuwa nimevaa gauni lile nililoshonesha kwa kipaimara chako, la kitenge cha bluu, na lilinibana kifuani kama limeshonewa mtu mwingine. Katibu akasema ujumbe ulitumwa, mfumo umejaribiwa mbele ya macho, na mzee aidha alilala au alipuuza. Mzee Idi akasema haikulia. Katibu akasema basi simu ililia, ukaufuta ujumbe ili kuficha. Mzee akainuka, akainyoosha ile simu kwa mikono miwili, akaipitisha kwa mmoja mmoja. Hakuna aliyeipokea. Simu ilipita mbele ya watu wanne wenye elimu zao na hakuna aliyenyoosha mkono. Ilipofika kwangu akasimama.

"Mama Nyemo aseme," akasema. "Yeye ndiye aliyenifundisha. Anajua mimi najua nini humu ndani."

Wakanigeukia. Nilijua, Nyemo. Nilijua hajui kufuta, kwa kuwa mimi ndiye niliyeacha kumfundisha. Nilijua hakikutumwa kitu, kwa kuwa niliona kwa macho yangu. Katika dunia nzima nilikuwa mimi peke yangu niliyejua yote mawili. Na nikasema, nakumbuka mpaka sauti yangu ilivyokuwa ya upole, "Siwezi kujua mtu amefuta nini kwenye simu yake."

Alinitazama kidogo tu, akaiweka simu mezani, akavaa kofia yake. Ijumaa kwenye sala ya asubuhi, wakati wa matangazo, ikasomwa mbele ya wafanyakazi wote, wapishi, madereva, wauguzi, kwamba mlinzi ameachishwa kazi kwa uzembe na kusema uongo. Mzee wa umri ule, mwongo, mbele ya wasichana wa jikoni.

Simu nikaletewa mimi niisafishe, apewe mlinzi mpya. Niliifungua pale ofisini. Ilikuwa imejaa mpaka inalalamika kwamba nafasi inakaribia kwisha. Kila ujumbe wa miaka mitatu ulikuwemo, kila joto stoo, kila jaribio nililowahi kumtumia, mpaka matangazo ya bahati nasibu ya mtandao wa simu. Hakufuta hata takataka. Unashuka nao wiki hadi wiki, haujakatika, mpaka Alhamisi ya kabla sijaweka mfumo mpya, na baada ya hapo unaruka hadi Jumatatu, ujumbe wangu wa kumchongea. Niliiweka kwenye droo, nikaifunga kwa ufunguo. Nikamwambia katibu imeharibika, anunue nyingine. Uongo huzaa kama panya, hilo sikufundishwa na mtu.

Siku kumi na moja ilikaa mle. Kazi nilifanya, kiprogramu nilikifumua chote. Ile anwani nikaitoa ndani, nikaiweka kwenye kifaili cha mipangilio pembeni, kiprogramu kikawa kinauliza kwanza kama kinachotafutwa kipo, na kisipokipata kinapiga kelele. Ningeweza kuacha njia ya mkato pale kwenye folda ya zamani ikielekeza kwenye mpya, wengi hufanya hivyo, na huwa inasaidia mpaka siku mtu anaposafisha folda. Sikutaka. Nilifanya kazi safi kuliko zote nilizowahi kuifanyia hospitali ile, na kila mstari niliouandika ulinizidishia uchungu, maana ulikuwa ushahidi kwamba nilijua kosa lilikuwa wapi. Ukaniuliza mama mbona unakula kama mgonjwa, nikakuambia nenda kaoge.

Kisha ikaja asali. Unaikumbuka, najua, maana uliitia kwenye uji, kwenye viazi, kwenye kila kitu. Kondakta wa basi la Kondoa aliileta getini kwenye kidumu cha lita tatu, kimefungwa kwa gunia, akasema imetoka kwa Mzee Idi, ya binti wa kipaimara, na ametuma neno kwamba ahadi ni deni, samahani imechelewa. Samahani. Aliyefukuzwa kwa ajili yangu ndiye anayeniomba samahani. Ukachovya kidole, ukaniuliza Mzee Idi atarudi lini. Nikaenda chooni nikajifungia, na yale maji uliyosikia nimeyafungulia hayakuwa ya kuoga.

Kesho yake nikaitoa simu kwenye droo, nikaenda nayo kwa mganga mkuu, nikamwambia yote nikiwa nimesimama. Kisha akafunga mlango. Alikuwa mpole, na hilo lilikuwa baya zaidi. Akasema andika barua ya maelezo, yaishe humu ndani, mzee atapigiwa simu arudi kimyakimya, hatuna haja ya kuvuana nguo hadharani. Nikatoka mwepesi, nikidhani nimelipa.

Jumamosi nikaenda Chemba mwenyewe. Nilimkuta nje ya nyumba yake anatengeneza mzinga. Nikapiga magoti, shikamoo mzee, akaitikia marahaba, akaniletea kigoda, mkewe akanipa maji. Nikaeleza kila kitu, anwani, folda, kumbukumbu za modemu, kikao. Nikalia, lakini kulia ni rahisi. Alisikiliza bila kuacha kuchonga. Nilipomwambia kwamba mganga mkuu amekubali arudi Jumatatu, ndipo akaweka kisu chini.

"Nilivuliwa mbele ya watu, mama Nyemo," akasema. "Nguo hairudishwi chumbani."

Hakusema kwa hasira. Akaniuliza habari zako na shule.

Nikarudi na lile neno njia nzima. Baba yako safari hii alikuwepo nyumbani, akasema umefanya vya kutosha, huyo mzee anataka kukudhalilisha. Tuligombana, ndiyo ile siku mliyolala kwa shangazi. Mkataba wangu ulikuwa umebakiza wiki tatu. Sitakudanganya kwamba nilikuwa jasiri. Nilikuwa naogopa.

Jumatatu kwenye sala ya asubuhi Mzee Idi alikuwa amekaa benchi la nyuma, kanzu nyeupe, kofia yake. Nilikuwa nimemtumia nauli na neno moja, njoo. Zikaimbwa nyimbo, likasomwa neno, katibu akauliza kama kuna matangazo. Nikanyoosha mkono. Mganga mkuu akatikisa kichwa kidogo, hapana, nikaona, nikainuka hata hivyo. Nilisema ujumbe haukutumwa kwa kosa langu. Nilisema nililijua Jumatatu ile ile kabla ya saa nne, nikalirekebisha na kunyamaza. Nilisema niliulizwa kwenye kikao kama najua, na nilijua, na nikasema sijui. Nilisema Mzee Idi hajawahi kufuta ujumbe hata mmoja maana hajui kufuta, na simu hii hapa, atakaye aipokee aone. Nikainyoosha kwa mikono miwili kama alivyoinyoosha yeye.

Mwanzoni hakuna aliyenyoosha mkono, mwanangu. Nikajua alivyojisikia siku ile. Aliyeinuka ni Sista Leokadia. Akaipokea, akavaa miwani, akaanza kusoma ujumbe mmoja mmoja kwa sauti, na tarehe zake, hadi ile Alhamisi, hadi ile Jumatatu. Kisha akaenda nyuma akamwekea Mzee Idi mkononi. Mzee akaipokea, akaifuta kwa pindo la kanzu, akaitia mfukoni. Basi. Hakunishukuru, na hakuwa na sababu. Tulipotoka alinipita mlangoni akasema, "Twende kazini, mama Nyemo," na mpaka leo sijaambiwa neno lililonipa pumzi kama hilo.

Mkataba haukuongezwa. Sikulalamika. Ila katika zile wiki tatu niliongeza kitu kimoja kwenye kiprogramu. Kila siku saa moja asubuhi, hata friji likiwa zima, hata kama hakuna habari yoyote, kilituma neno moja kwenye simu ya lindo: NIPO. Nilimwambia Mzee Idi, joto likipanda itakuambia, lakini kwa hilo usitulie. Isipolia saa moja, hapo ndipo ukimbie. Kwa miaka tuliyokuwa tunakaa na king'ora kile tulidhani kimya ni salama. Friji salama lilinyamaza, na friji lililokufa likanyamaza vilevile, na hakuna aliyeweza kuyatofautisha. Mzee Idi alielewa haraka kuliko maofisa. Mara mbili baada ya mimi kuondoka alinipigia hapa Kizota, saa moja na dakika tano, mama Nyemo leo haijasema ipo, na mara zote mbili kweli kulikuwa na tatizo, na chanjo zikapona.

Wiki iliyopita, ulipokuwa mjini kutafuta viatu, alikuja hapa karakana. Amestaafu, anatembelea fimbo. Alisikia unakwenda kazini. Kidumu kiko chini ya nguo kwenye begi la kahawia, kimefungwa vizuri, usikilalie. Nilimuuliza kama naweza kukusimulia habari hii. Akasema hajui kwa nini nilichelewa.

Huko Mpanda utakuta programu za watu walioondoka, na anwani zimepigiliwa humo ndani, na siku utakayoweka mfumo mpya zitakukatika mikononi. Hilo utalirekebisha, umesoma kuliko mimi. Jaribu kila kitu mpaka simu ilie kwenye mkono wa mwenye simu, halafu ndipo ushike mkoba. Utakosea hata hivyo. Na mimi sihofii dakika nne za kurekebisha. Nahofia zile siku kumi na moja za droo, kwa sababu nakujua, umenirithi, ukikosea unanyamaza na unacheka vizuri sana.

Kwa hiyo nakuomba kitu kimoja. Kila siku saa moja asubuhi nitumie neno moja. Usiniandikie habari, usinipambie, usiniambie mambo safi. NIPO, basi. Siku umeharibu, siku umesemwa mbele ya watu, siku umetamani kuficha barua kwenye begi, andika hivyohivyo, na mengine utaniambia ukiweza. Mimi nitakuwa nimekaa na simu mkononi. Na siku isipolia, Nyemo, sitajiambia pengine yuko salama. Nitapanda basi.

Mama yako